Utabiri utangulie jaribio la sayansi

Ndugu Mhariri,

Majaribio mengi ya sayansi katika shule za sekondari hufanywa kwa kufuata maelekezo tu, jibu likiwa limeshajulikana kabla ya swichi kuwashwa. Ningependekeza mwalimu anayefundisha umeme aunganishe balbu mbili zinazofanana kwa mfululizo, yaani moja baada ya nyingine kwenye njia moja ya umeme, kisha, kabla ya kuwasha, amtake kila mwanafunzi aandike ni ipi itakayong'aa zaidi na kwa nini. Wengi hudhani kwamba balbu ya kwanza hupunguza mkondo wa umeme, ilhali zote mbili hung'aa sawasawa, na hapo ndipo mjadala wenye maana huanza: dhana ipi imeanguka, na kwa ushahidi gani? Mbinu hii huchukua muda, sikatai. Kwa hiyo watungaji wa mitihani nao wapunguze maswali ya kukariri, waulize sababu.

Wako,
Mwalimu wa fizikia