Barua kwa mwanangu: boksi nimelituma, ila si kwa orodha yako

Kibaigwa, Juni

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba mama. Huku sote wazima. Baba yako yuko sokoni tangu alfajiri, malori ya mahindi yamejipanga mpaka barabarani, na vumbi ndilo hilo unalolijua.

Boksi nimempa kondakta wa basi la asubuhi, kalichukue stendi ya Nanenane kabla jua halijazama. Ukilifungua utaona halifanani na orodha uliyoniandikia. Uliomba amoksilini kopo zima, sipro, Flagyl, mseto wa malaria, diklofenaki, dawa ya macho, Panadol na P2 ya dharura ya kuzuia mimba, "kwa ajili yangu na wenzangu wa hosteli". Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonikalisha chini kuandika. Kumbe huko chuoni Chimwaga, Dodoma, wameshajua kwamba mama yako ana duka la dawa, na sasa wanakubishia hodi usiku wakitaka vidonge. Sishangai, hata mimi majirani hunigongea. Ila mimi nikigongewa naanza na maswali: anaumwa nani, ana umri gani, imeanza lini, ameshameza nini, ana mimba au ananyonyesha, ana vidonda vya tumbo, kuna dawa iliyowahi kumwasha au kumvimbisha mwili? Mara nyingi yakiisha hayo, mtu haondoki na dawa aliyoijia. Wengine huondoka bila dawa kabisa, nimewaelekeza kituo cha afya. Wewe utagawa vidonge bila kujua la kuuliza, na mwenzako akipata madhara utabaki unamwangalia.

Kopo la amoksilini sijatia wala sitatia. Unakumbuka likizo ulivyokuwa ukisimama nami dukani, watu wanavyokuja: "Naomba rangi mbili za mia tano," yaani hiyo hiyo amoksilini. Anaumwa nini? Mafua. Kwa mia tano anapata vidonge vichache vya kumeza leo na kesho, na mafua yake yaliletwa na virusi, ambao antibiotiki, dawa ya kuua bakteria, haiwagusi. Angepona hivyo hivyo baada ya wiki. Atasifu rangi mbili, na mwezi ujao atarudi. Madhara yake hayaonekani siku hiyo. Bakteria wanaoishi mwilini mwake wanaonja dawa kidogo, walio dhaifu wanakufa, wenye nguvu wanabaki na kuzaana, na siku akipata nimonia ya kweli dawa ile ile inagoma. Serikali wanaita usugu wa vimelea dhidi ya dawa, UVIDA, na kila Novemba kuna wiki nzima ya kulizungumzia. Mimi sihitaji wiki. Nawaona wanaorudi na bahasha tatu tofauti na kidonda kile kile.

Sipro, antibiotiki nyingine, pia nimeinyima, na najua wanaitakia nini. Siku hizi UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, imekuwa kama salamu. Kila msichana anayeingia dukani ananiambia ana "UTI sugu", na nikimuuliza nani aliyempima anasema hajapima. Sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Mkojo unaochoma, unaokujia kila mara na kutoka kidogo kidogo, huku tumbo la chini likiuma, huo unaweza kuwa UTI. Muwasho ukeni na uchafu mweupe mzito mara nyingi ni fangasi, na ukimeza antibiotiki kwa fangasi unawaongezea nguvu, kwa sababu unaua bakteria wazuri wanaowazuia. Uchafu wenye harufu kali ni jambo jingine tena, na magonjwa ya zinaa nayo yana mlango wake. Matatizo manne hayo yana dawa nne, na kwa macho huyatofautishi. Mwambie aende zahanati na kadi yake ya bima akapimwe mkojo. Kama kweli inamrudia rudia, aombe mkojo uoteshwe, ili ijulikane ni bakteria gani na dawa gani bado inamweza. Akiwa na homa, kutapika na maumivu ya kiunoni upande mmoja, asisubiri asubuhi, maana huenda imeshapanda kwenye figo. Na hizo sabuni za kuoshea ndani wanazouziana bwenini mzitupe. Huko ndani hakuoshwi kwa sabuni. Maji yanatosha, tena nje tu.

Flagyl nimeikataa kwa sababu hiyo hiyo, na kwa sababu najua wikendi zenu. Haimezwi na pombe.

Diklofenaki. Uliandika ni ya "maumivu ya mwezi". Mwanangu, unasoma mpaka usiku wa manane, asubuhi unakunywa chai ya rangi bila kitafunwa, halafu unameza diklofenaki juu ya tumbo tupu. Hivyo ndivyo vidonda vya tumbo vinavyotengenezwa. Badala yake nimetia ibuprofeni za miligramu 400. Ni ndugu wa diklofenaki, kwa hiyo nayo inataka adabu: meza moja baada ya chakula, maumivu yakianza tu, usingoje mpaka ujikunje, na kama bado unaumwa rudia zikishapita saa nane, siku mbili au tatu basi. Chupa ya maji ya moto juu ya tumbo nayo husaidia, na wala haigharimu kitu. Mwenye pumu, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo au mwenye mimba usimpe hata nusu. Na msichana anayeumwa kila mwezi mpaka akakosa vipindi, anayezirai au anayetokwa na damu nyingi kupita kawaida, huyo ni wa daktari.

P2 nimetia pakiti moja, na hii peke yake siulizi ni ya nani. Inamezwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita nguvu yake inapungua, kwa hiyo mwenye kuihitaji asiweke aibu mbele. Akitapika ndani ya saa mbili arudie. Haitoi mimba iliyokwisha kutunga. Kama anatumia dawa za kifafa au za TB, akaulize kwanza hospitali, maana zinaipunguza nguvu. Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki apime mimba. Kinachonikera ni kwamba wasichana wanaogopa mimba na kusahau VVU. P2 haina habari na VVU. Ikiwa tendo lenyewe lilikuwa la hatari, au mtu amelazimishwa, kuna dawa za kinga zinazoitwa PEP. Zinatolewa hospitalini, nazo zina saa 72 zake, zinamezwa kwa siku 28. Benjamin Mkapa iko hapo hapo kwenye eneo la chuo, hata kwa miguu mnafika. Hilo uwaambie wote, hata wasiokugongea.

Sasa vumbi. Juni mpaka Agosti upepo wa Dodoma ni mkavu na baridi ya alfajiri inauma, na mabweni yenu yako juu kilimani yanapigwa pande zote. Nimekutia mafuta ya mgando makopo mawili, usicheke. Paka kidogo ndani ya pua asubuhi na usiku, midomoni, na kwenye visigino baada ya kuoga kabla hujakauka vizuri. Pua ya mwenzako ikimwaga damu, msimlaze chali wala msimuinamishe kichwa nyuma, damu itaingia kooni na atatapika. Akae, ainame mbele kidogo, abane sehemu laini ya pua kwa vidole viwili, apumulie mdomo, dakika 10 mpaka 15 bila kuchungulia chungulia kama imekata. Ikishindikana baada ya hapo, hospitali.

Macho ndiyo yananitia hofu zaidi, labda kwa kuwa sisi ni watu wa Kongwa. Watafiti wa vikope, yaani trakoma, walianza kuja wilaya hii miaka ya 1980, kwa jinsi ugonjwa ulivyokuwa umetapakaa. Bibi yako alikuwa akitembea na kibano cha kung'olea kope, kope zimegeukia ndani zinamkwaruza jicho kila anapopepesa. Wewe ulikua tayari mnanaweshwa uso shuleni na kugawiwa dawa kijijini, ndiyo maana huoni kama ni kitu. Vikope husambaa kwa mikono, kwa nguo za kufutia uso na kwa nzi, kwa hiyo taulo usishirikiane na mtu, hata huyo rafiki yako wa kulala chumba kimoja. Vumbi likiingia jichoni usisugue, nawa kwa maji safi mengi. Hakuna chai, hakuna maziwa ya mama, hakuna asali.

Dawa ya macho uliyotaka sijatuma kwa sababu umeandika "ile inayoondoa wekundu haraka". Baadhi ya dawa za namna hiyo zina steroidi. Zinaondoa wekundu kweli, lakini kama jicho lina kidonda, au wekundu umeletwa na virusi au fangasi, unafuta dalili huku ugonjwa unakula jicho. Ukizitumia muda mrefu zinapandisha presha ya jicho lenyewe. Na ile chupa ya mwaka jana uliyoibakiza, itupe. Ikishafunguliwa umri wake ni wiki nne, hata kama tarehe ya kuisha iko mbali. Jicho linalouma sana, lisilovumilia mwanga au linaloona ukungu lipelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kwa mafua ya vumbi na kuwashwa pua nimetia setrizini. Meza moja usiku. Piriton sikutia, utalala darasani.

Mseto nao sikutia. Dodoma ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo, na homa nyingi mnazozipata huko si malaria. Lakini mtu aliyetoka likizo Kigoma au Geita akipandwa na homa, apimwe haraka, kipimo kinatoa jibu kwa dakika chache. Akikutwa nayo, atapewa vidonge 24: vinne, kisha vinne tena baada ya saa nane, halafu vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo ili dawa ifyonzwe vizuri. Amalize, hata kama siku ya pili anajiona mzima. Homa yenye shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa, degedege au kupumua kwa shida hamna cha kusubiri wala cha kunipigia mimi kwanza, tafuteni gari.

Panadol zimo, pamoja na kipimajoto. Mtu mzima asizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 ndani ya saa 24, na kati ya dozi na dozi zipite angalau saa nne. Angalieni pia dawa za mafua za kuchanganya, nyingi zina parasetamoli ndani yake, kwa hiyo mtu anameza mbili akidhani ni dawa tofauti. Ini halilalamiki mapema. Na kwenye bahasha tunapoandika 1x3, maana yake ni moja kila baada ya saa nane, sio chai, mchana na jioni kabla ya saa moja, halafu usiku mzima mwili umekaa bila dawa.

ORS, dawa ya kurudisha maji na chumvi mwilini, nimetia pakiti kumi, hizo gawa upendavyo. Pakiti moja kwa lita moja ya maji salama. Zile chupa kubwa ni lita moja na nusu, msizijaze mpaka juu, na msikoroge pakiti nzima kwenye kikombe. Yaliyobaki baada ya saa 24 mwagieni maua. Anayehara maji matupu mfululizo anaweza kuwa na kipindupindu. Mpeni ORS njiani, lakini njia iwe ya hospitali.

Boksi usiliweke dirishani wala juu ya kabati chini ya bati. Liweke mahali penye kivuli, na vidonge vibaki kwenye pakiti zake ili tarehe isomeke.

Jambo moja zaidi, nalo ni lako peke yako. Jumamosi nenda Chang'ombe kwa shangazi yako. Ananiambia kwa simu presha yake "imeisha" na mwili ni mwepesi, nami namjua, anaposema hivyo ameacha vidonge. Presha haisemi, na iliyoshuka imeshushwa na hivyo vidonge vyenyewe. Mwambie akuonyeshe mfuko wake wa dawa, usimuulize tu, atakudanganya kwa upole. Hesabu vilivyobaki uvilinganishe na tarehe ya kliniki. Halafu tazama kama humo ndani kuna diklofenaki, maana magoti yanamsumbua na jirani yake anapenda kumgawia. Hiyo inampandisha presha na kumchosha figo. Ukiikuta, nipigie ukiwa hapo hapo, umpe simu, nitazungumza naye mwenyewe.

Mama yako