Maji ya udhu yasiishie baharini

Mhariri,

Msomaji mmoja ameomba katika ukurasa huu tuchimbiwe visima zaidi hapa Lamu. Mimi ni fundi bomba, visima vinanilisha, lakini hapo simuungi mkono. Maji matamu ya kisiwa hiki ni mvua iliyonywewa na vilima vya mchanga vya Shela. Huko chini yanaelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi. Ukiyavuta kwa pupa kwa pampu, chumvi hupanda, na ukizidi kuchimba unaifuata huko huko iliko. Mvua nazo si za kutegemea tena: kuanzia vuli ya 2020 misimu mitano mfululizo ilikuwa haba, kisha vuli ya 2023 ikaja na mafuriko.

Basi tutazame tunayoyamwaga. Zamani msikitini tulitawadha kwa kata kutoka birikani, na mle ndani vijisamaki vikila viluwiluwi vya mbu. Siku hizi ni mifereji ya bomba. Niliwahi kuweka ndoo chini ya mfereji mmoja, kijana akitawadha huku akipiga soga na mwenziwe. Ndoo ilifurika kabla hajafika miguuni. Mtume (S.A.W.) alitawadha kwa mudi moja, maji yasiyotimia lita! Ndugu zetu wa kisiwa cha Ndau, wanaokinga mvua kwenye jabia, yaani birika kubwa la kuhifadhia maji, wakituona watatushangaa. Na yote hayo hupita mtaroni hadi baharini, sala tano kila siku, Ijumaa usiseme.

Wako watakaouliza kama yanafaa kutumika tena. Sisi wa madhehebu ya Shafi tulifundishwa tangu chuo cha Kurani kwamba maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu ni tohara, ila hayatoharishi tena. Kutawadhia, hapana. Kumwagilia minazi na miembe, au kusukumia choo, yanafaa kabisa. Hayana mafuta, na sabuni ni nadra. Kinachotakiwa ni shimo la saruji, bomba, na pampu ndogo pasipo na mteremko. Shimo lifunikwe, la sivyo tutafuga mbu, na maji yasilale humo siku nyingi yakaanza kunuka.

Nyumba za wageni zenye mabwawa ya kuogelea sizisemi leo.

Kamati ya msikiti wowote mjini ikinunua saruji na mabomba, kazi nitaifanya bila ujira kabla ya masika. Sharti langu ni moja: bomba la kutoa uchafu chooni lisiunganishwe na la udhu, hata mkiniambia ni kupunguza gharama.

Fundi bomba,
Langoni, Lamu