Zile milimita 55

Mbeya, Julai

Kaka, kamwene!

Picha yako ya kundi la nyota la Nge nimeipata, nikaikuza mpaka kona zote nne. Katikati ni safi kabisa, kila nyota ni nukta. Kona ndizo zinazoniuma: nyota zimerefuka, na zote zimeelekea katikati ya picha. Usihangaike tena na fokasi. Sensa ya kamera, ile sehemu inayopokea mwanga, imekaa karibu mno na ile lenzi ya kunyoosha picha uliyofunga nyuma ya darubini.

Lenzi nyingi za aina hiyo hutaka milimita 55 toka mgongoni mwake hadi kwenye sensa. Kamera yako ya Canon EF yenyewe imeshachukua 44, ukipima kuanzia pale lenzi inapofungwa, na pete ya adapta inaongeza 11. Ndiyo maana mwaka jana kona zako zilikuwa nzuri. Sasa umeweka filta. Mwanga ukipita kwenye kioo, mahali miale inapokutania husogea nyuma kwa takriban theluthi moja ya unene wake. Filta yako ni ya milimita 2, kwa hiyo unahitaji kama 55.7. Kwa sensa kubwa kama yako, hiyo 0.7 si ndogo hata kidogo.

Tafuta zile pete nyembamba za kuongeza nafasi. Anza na ya 0.5, piga picha, halafu ongeza ya 0.3. Kila ukibadilisha pete, weka fokasi upya, la sivyo utailaumu pete bure. Nyota za kona zikianza kulala kwa kuzunguka katikati, umepitiliza, punguza. Ikibaki kona moja tu mbaya, hapo kamera imeinama. Kagua nyuzi zote za kufungia pete kama zimekaza sawasawa. Na rula weka kando kabisa, azima kalipa, kile kipimo cha unene, kwa fundi. Jaribu Nge ikiwa juu kichwani, maana huku chini moshi wa mashamba umeshaanza.

Nakuharakisha kwa sababu nataka twende Hifadhi ya Kitulo mwezi ukiwa haupo. Kule ni zaidi ya mita 2,600, na Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota, inatanda anga zima. Upande kona zote zile za barabara ya Chimala, upigwe na baridi usiku kucha, halafu picha uje kuzikata kingo? Hapana, kaka.

Nitumie faili ghafi za kila jaribio, zile za WhatsApp zinabanwa mno, kona hazisomeki. Shemeji na watoto wasalimie sana.

Wako,
Rafiki yako wa Mbeya