Ngitili si ardhi isiyotumika

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalojirudia katika vijiji vingi vya Usukuma wakati wa kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi. Eneo la nyasi lisilo na shamba wala nyumba, hata likiwa ngitili, yaani malisho yanayotengwa na kufungwa kwa msimu kwa desturi ya Wasukuma, huandikwa kuwa ni ardhi ya akiba, kana kwamba halifanyi kazi yoyote, na baada ya misimu michache hugawanywa vipande na kulimwa. Napinga utaratibu huo, kwa sababu kazi kubwa ya eneo hilo hufanyika chini ya ardhi.

Nyasi za asili hazihifadhi kaboni katika majani yake, ambayo huliwa au kuungua kila kiangazi, bali katika mizizi. Mizizi hiyo hufa na kuota upya mwaka hadi mwaka, na mabaki yake hugeuka mboji inayojificha ndani ya mabonge madogo ya udongo, mahali ambapo vijidudu haviifikii kwa urahisi. Plau likipita, mabonge hayo huvunjika, hewa huingia, vijidudu huila mboji, na kaboni iliyokusanywa kwa vizazi hupanda angani ikiwa hewa ukaa. Upotevu huwa wa kasi zaidi katika miaka ya mwanzo ya kilimo, ilhali kuirudisha kaboni hiyo huchukua miongo mingi hata shamba likiachwa kabisa. Udongo mweusi wa mbugani, kwa ule mfinyanzi wake, hushika mboji vizuri kuliko mchanga wa luseni, lakini nao hauna kinga dhidi ya kulimwa mfululizo bila samadi wala mapumziko.

Tuchukue hesabu ya kawaida. Hekta moja ya udongo wenye kaboni asilimia 1 kwa uzito, tukipima sentimita 30 za juu tu na tukikadiria tani 1.4 za udongo kwa kila mita ya ujazo, ina tani 42 za kaboni. Robo yake ikipotea, hewa ukaa inayotoka ni zaidi ya tani 38, maana kila tani ya kaboni huzaa takriban tani 3.67 za hewa hiyo. Pamoja na kaboni hupotea pia naitrojeni na uwezo wa udongo kushika maji, hasara ambayo mkulima wa pamba na mtama huiona shambani mwake kabla mtaalamu yeyote hajafika kupima.

Sisemi kwamba mifugo haina hatia. Ng'ombe wakichungwa pale pale mwaka mzima, nyasi hukosa nafasi ya kurudisha majani, mizizi hufupika, ardhi hubaki wazi, na mvua ya kwanza huchukua tabaka la juu ambalo ndilo tajiri kuliko yote. Miongozo ya jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, hukadiria kwamba malisho yaliyoharibika vibaya hubakiwa na takriban asilimia 70 tu ya kaboni ya udongo wa asili. Lakini wazee wetu walilijua tatizo hilo na wakalitafutia dawa: ngitili hufungwa mvua zinapoanza, nyasi zikakua na kukomaa bila kuguswa, kisha hufunguliwa kiangazi kikikaza, chini ya taratibu za dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, na ulinzi wa sungusungu.

Tumekwisha kuiona gharama ya kuipuuza hekima hiyo. Miti na vichaka vya Shinyanga ya zamani, iliyojumuisha Maswa, Meatu na Bariadi ambazo tangu 2012 zimo Mkoa wa Simiyu, vilifyekwa ili kuangamiza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba; kisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu na kuacha ngitili nyingi bila mwenyewe. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizojulikana zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Kufikia mwaka 2004 zilizidi hekta 300,000, kwa sababu mradi ulikubali kujengwa juu ya utaratibu ambao wananchi waliuamini tayari. Inaniuma kuona mafanikio hayo yakimegwa kidogo kidogo, kwa mihuri halali ya vijiji vyenyewe.

Halmashauri zetu zinaweza kulizuia hili kwa sheria zilizopo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu hatimiliki za kimila, hata za vikundi, na ile ya mwaka 2007 kuhusu mipango ya matumizi ya ardhi inatoa nafasi ya kuitaja ngitili kama matumizi kamili, yenye mipaka yake kwenye ramani. Nashauri pia kwamba kabla ya eneo lolote la malisho kubadilishwa kuwa shamba, au kuingizwa katika mkataba wa biashara ya kaboni ambayo sasa ina kanuni zake za mwaka 2022, udongo wake upimwe na majibu yasomwe hadharani kwa Kiswahili. Mkutano mkuu wa kijiji ndio unaopitisha mpango, na una haki ya kuiona hesabu hiyo kabla ya wananchi kunyoosha mikono.

Wako,
Msomaji, Maswa, Simiyu