Boliti mbili za konrodi ya nne

Shabani ndugu yangu,

Salamu tele, na za shemeji yako pia. Sisi wazima. Najua unanidai barua tangu siku ile nilipokuambia nimeshusha injini ya lori nyumbani, ukacheka mpaka simu ikakatika. Haya, cheka tena: injini nimeifunga. Hedi iko juu, sampu, lile bakuli la oili, iko chini, na mimi niko macho saa nane za usiku kwa sababu ya boliti mbili.

Boliti za konrodi ya nne, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki. Ya kwanza, ya pili na ya tatu nilizikaza kwa awamu ulivyonielekeza, nikamalizia na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Nilipofika ya nne akaingia Mzee Bakari. Unamjua akiingia. Alisimulia ile habari ya gia boksi kuanzia mwanzo, na alipoondoka nikajikuta nimeshika konrodi ya tano. Sasa ile ya nne niliipa toki ya mwisho, au niliiacha imebanwa na spana ya kawaida tu? Sijui, Shabani. Na wewe ulinipa kabisa kopo la rangi nyeupe, ukasema kila boliti ukimaliza itie nukta. Kopo ninalitazama hapa. Halijafunguliwa.

Mengine yamekwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Kranki, ile shafti inayozungushwa na konrodi, ilikuwa na michirizi inayokwaruza ukucha, ikakerezwa saizi ya kwanza, milimita 0.25, nikaweka metali, yaani beringi zake, za saizi hiyo. Ule uzi wa plastiki uliouita mchezo wa watoto nimeutumia: unaulaza juu ya kranki, unafunga kofia ya beringi kwa toki, unafungua, unapima ulivyobonyea. Maini zote saba, beringi kuu zinazoshika kranki, zilikuja kati ya milimita 0.05 na 0.07. Nilirudia mara mbili, si kwamba nina makini, sikuamini tu. Laina mpya, zile silinda za kuchomeka kwenye bloku, zimeingia zote sita, oringi za chini nilizipaka sabuni zisikatike, na zimechomoza kidogo juu ya uso wa bloku kama inavyotakiwa, hedi ipate kuibana gasketi.

Ringi moja ya pistoni nilivunja. Niliitanua kwa vidole, kama ulivyonikataza, ikalia "tak" ikawa vipande viwili. Usiniulize zaidi. Zilizobaki mwanya wa ncha nilipima ndani ya laina, milimita 0.4, na nilipozivika kwenye pistoni mianya nikaitawanya isitazamane.

Tatizo ni kwamba na konrodi nazo nilizipima kwa ule uzi. Ndiyo maana kichwa kimevurugika. Nakumbuka waziwazi spana ya toki ikilia "kit" kwenye ya nne, nakumbuka hata mkono ulivyotetemeka, lakini ilikuwa siku ya kupima au siku ya kufunga? Siku ya kupima niliifungua tena. Basi huo mlio haunisaidii kitu.

Shemeji yako nilimwamsha nikamweleza. Akasema, "Si ufungue uangalie, ulale?" Akageukia ukutani. Rahisi kwake! Sampu nimeipaka silikoni, nimeisubiri ikauke, nimepangusa mpaka inang'aa. Nilipiga hata picha. Jana jioni nikaizungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili, ikaenda laini bila kukwama, nikajiambia yamekwisha. Lakini boliti iliyolegea haizuii kranki kuzunguka kwa mkono. Inasubiri injini iwake, ishike mwendo, kofia ifunguke, konrodi itokee ubavuni mwa bloku. Na bloku ya lori la umri huu, wewe mwenyewe unajua tulivyoihangaikia ile ya marehemu baba.

Kwa hiyo nafungua. Nimeandika hivyo ili nisije nikageuka asubuhi. Bahati ni kwamba bado iko kwenye stendi, naipindua tu.

Ila nijibu haya. Boliti za zamani kama hizi nikizikuta zimekazwa, nizijaribu na toki papo hapo, au nizilegeze kwanza, nipake oili kwenye nyuzi nianze upya? Na nikiikuta ya nne iko sawa, hizo tano nyingine niziamini au nipitie zote? (Naona umeshatikisa kichwa.) Gasketi ya sampu ninayo hiyo hiyo moja, ukiibandua polepole kwa kisu inapona, au ndiyo basi? Siku ya kuwasha, nifunge dizeli nipige starta mpaka geji ya oili ipande kwanza? Kwa muda gani kabla starta haijaungua? Mtoto amepona kikohozi? Na spana yako ya toki bado unayo, au ilikwenda na yule jamaa wa matrela? Hii niliyonayo ni ya kuazima na mwenyewe ameanza kuiulizia.

Kama unaweza kuja nayo Jumamosi, njoo mapema, tufunge pamoja, wewe ukaze mimi nitie nukta. Usipokuja nitafanya peke yangu, na Mzee Bakari nimeshamwambia shemeji yako asimfungulie mlango.

Ni mimi,
Idi