Kubadilisha draivu ya flopi ya kinanda cha zamani: kwa nini tunaanza na diski zako

Vinanda vingi vinavyoletwa katika karakana yetu hapa Mombasa vilitengenezwa kati ya miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ni sinthesaiza (vinanda vinavyotengeneza sauti kwa umeme) na sampula (vyombo vinavyorekodi sauti na kuipiga kama noti) zilizofika pwani kutoka Japani, Uingereza na Dubai, na hadi leo zinapigwa katika taarabu, katika kwaya na katika bendi za hoteli kuanzia Nyali hadi Diani. Mwenye kinanda kwa kawaida huja na ombi moja: draivu ya flopi, yaani sehemu inayosoma diski, haisomi tena, kwa hiyo itolewe na mahali pake pawekwe kifaa cha USB. Kazi hiyo tunaifanya na tunaamini kwamba ndiyo njia bora ya kukiweka hai kinanda cha aina hiyo. Hata hivyo, kabla ya kugusa bisibisi, tunamwomba mteja atuletee diski zake zote, zikiwemo zile anazodhani kwamba zimekufa.

Tunasisitiza jambo hilo kwa sababu kinanda cha modeli ileile kinaweza kupatikana tena, kwa bei kubwa au ndogo, lakini kilichomo ndani ya diski hakipatikani kokote. Mpiga kinanda wa taarabu ambaye kwa miaka mingi amezirekebisha noti zake ili zikubali maqamu (mpangilio wa noti wa muziki wa Kiarabu) ya Rast, ambamo noti ya tatu na ya saba hushuka kwa takriban robo ya toni, huwa amezihifadhi skeli hizo katika diski pamoja na sauti za nai, za fidla na za kanuni alizozitengeneza mwenyewe. Kiongozi wa kwaya huwa na midundo na utangulizi wa nyimbo ambazo waimbaji wake wamezizoea. Mwenye sampula huenda alirekodi ngoma au sauti ya mtu ambaye leo hayupo. Draivu mpya ikifungwa kwa ustadi mkubwa huku diski hizo zikiachwa kwenye kabati, mteja atakuwa amepata kinanda kinachowaka bila kazi yake ya miaka yote.

Ni vyema kueleza kwanza kwa nini draivu hizi huharibika, kwa kuwa sababu zenyewe ndizo zinazoziharibu diski pia. Diski ya inchi 3.5 huzunguka mara 300 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huigusa moja kwa moja. Katika hewa ya pwani, yenye unyevu na chumvi mwaka mzima na nzito zaidi wakati wa masika, vyuma vya draivu hushika kutu, grisi ya reli ya kichwa hukauka, na ukungu huota juu ya utando wa sumaku ulio ndani ya diski. Diski yenye ukungu ikiingizwa, uchafu wake hubaki kwenye kichwa, na kichwa hicho huikwaruza diski inayofuata, ambayo huenda ilikuwa nzima kabisa. Katika baadhi ya vinanda, kwa mfano Yamaha SY77 ya mwaka 1989, draivu huzungushwa kwa mkanda wa mpira ambao umri huulegeza au kuuyeyusha hadi ukawa kama lami. Kwa hiyo, ndugu mteja, kinanda kikianza kuandika kwenye kioo chake kwamba kimeshindwa kusoma, tafadhali acha kujaribu diski moja baada ya nyingine. Kila jaribio katika draivu chafu linaweza kuwa la mwisho kwa diski hiyo.

Kuna wanaotuuliza kwa nini wasinunue tu diski mpya. Sony, kampuni iliyoianzisha diski ya inchi 3.5 mwanzoni mwa miaka ya 1980, iliacha kuziuza nchini Japani mwaka 2011, na zinazouzwa sasa kama mpya ni akiba ya zamani. Tatizo la vinanda vya kale zaidi ni kubwa hata kuliko hilo, kwa sababu vinahitaji diski za 720 KB, ilhali zilizobaki sokoni aghalabu ni za 1.44 MB. Tunawafahamu wanamuziki wanaoliziba kwa utepe lile tundu la pili la diski ya 1.44 MB ili kinanda kiikubali kama ya 720 KB. Hufanya kazi kwa muda, lakini utando wa sumaku wa diski hizo mbili haufanani, na data iliyoandikwa hivyo haiaminiki. Ikiwa diski zako zina utepe wa namna hiyo, tujulishe mapema ili tuzisome kabla ya nyingine.

Usomaji wenyewe ndiyo sehemu inayotuchukua muda mrefu zaidi. Kila diski hufunguliwa kifuniko chake kidogo cha kuteleza na kukaguliwa kwa mwanga, na yenye ukungu husafishwa kabla ya kuingizwa popote. Kisha tunaangalia ni ya kinanda gani, kwa sababu vinanda havikuandika diski kwa mpangilio mmoja. Korg Triton, iliyotoka mwaka 1999, hutumia mpangilio wa MS-DOS unaosomeka kwenye kompyuta yoyote yenye draivu ya flopi. Ensoniq EPS ya mwaka 1988 huandika sekta (vipande vya data) 10 katika kila traki, yaani kila duara la data kwenye diski, badala ya 9 za kompyuta, na hivyo diski yake hubeba 800 KB. Sampula za Akai S900 na S950 nazo zina sekta za baiti 1,024, mara mbili ya zile za kawaida. Draivu za flopi za USB zinazouzwa madukani haziwezi kuzisoma diski hizo, na kompyuta ikiona diski isiyoielewa humwuliza mtu kama aifomati. Mwenye diski akikubali, kilichomo kitafutika. Sisi hutumia draivu nzima iliyounganishwa na kifaa kiitwacho Greaseweazle, ambacho hakijali mpangilio wa sekta bali hunakili mabadiliko ya sumaku yenyewe kama yalivyo, traki baada ya traki, pande zote mbili. Kutokana na nakala hiyo tunatengeneza taswira ya diski, yaani faili moja inayobeba kila kilichokuwa ndani ya diski halisi, na panapokuwa na sekta iliyoharibika tunamwonyesha mteja ni ipi na ni faili gani iliyoathirika.

Kifaa tunachokifunga baada ya hapo huitwa kiigaji. Kwa nje kina ukubwa wa draivu ya inchi 3.5, kina tundu la flashi, vitufe na kioo kidogo cha namba, na nyuma kina pini 34 zilezile zinazopokea waya bapa wa kinanda. Kinanda hakifahamu kwamba kimebadilishiwa chochote. Kinaamuru mota iwake na kichwa kisogee hadi traki fulani, na kiigaji kinaitikia kila amri kwa kutoa mawimbi ambayo diski halisi ingeyatoa, huku data yenyewe ikisomwa kutoka kwenye taswira iliyomo katika flashi. Kinachotumika zaidi duniani ni Gotek. Programu ya ndani inayokuja nacho kutoka kiwandani haituridhishi, kwa sababu huigawa flashi katika vipande ambavyo kompyuta ya kawaida haivioni ipasavyo, na kwa kawaida hukubali aina moja tu ya diski. Tunaiondoa na kuweka FlashFloppy, programu huria iliyoandikwa na Keir Fraser, ambayo husoma flashi ya kawaida iliyofomatiwa kwa FAT32 (mpangilio wa faili ambao kompyuta za kawaida huuelewa) na kuonyesha taswira kwa majina yake ikiwa kiigaji kimeongezewa kioo kikubwa zaidi. Tunapendekeza kioo hicho kwa kila anayepiga mbele ya watu, kwani ni rahisi kuutafuta wimbo kwa jina lake kuliko kukumbuka kwamba wimbo wa kumtoa bibi arusi uko namba 47.

Si kila kiigaji kikichomekwa kitafanya kazi, na hapa ndipo vinanda vingi vilivyojaribiwa nyumbani hukwama. Kompyuta za zamani zilitumia pini ya 34 kuarifu kwamba diski imebadilishwa, lakini vinanda vingi huitegemea pini hiyohiyo kuarifu kwamba draivu iko tayari. Kiigaji kilichopangwa kwa ajili ya kompyuta kinapowekwa katika kinanda cha aina hiyo, kinanda husubiri ishara isiyokuja kisha huandika kwamba hakuna diski. Vivyo hivyo, kinanda huiita draivu yake kupitia laini maalumu ya uteuzi, na kiigaji kisipowekewa jampa (kipande kidogo kinachounganisha pini mbili) mahali panapostahili hakitaitika. Waya bapa ukigeuzwa, taa ya kiigaji hubaki ikiwaka muda wote. Dalili zote hizi humfanya mtu adhani kwamba bodi ya kinanda imekufa, hali ya kuwa hakuna kilichoharibika. Tungependa kila mteja alijue jambo hili kabla ya kuuza kinanda chake kama chuma chakavu.

Vinanda vingine havina waya wa pini 34. Baadhi ya modeli zenye draivu nyembamba hutumia waya wa plastiki wa pini 26 unaobeba pia umeme wa volti 5, nazo zinahitaji adapta ambayo lazima ilingane na modeli husika. Vilevile kuna vyombo ambavyo kiigaji hiki hakivifai kabisa. Roland S-10, kwa mfano, hutumia diski za inchi 2.8 zinazoandikwa kwa mzunguko mmoja mrefu badala ya traki nyingi, na mwenye chombo hicho tunamwambia wazi tangu mwanzo.

Baadhi ya wateja huja wakitarajia kwamba, baada ya kazi hii, watachomeka flashi yenye nyimbo za MP3 na kinanda kizicheze. Hakitacheza. Kiigaji huiga draivu ya flopi na hakikiongezei kinanda uwezo mwingine wowote. Kumbukumbu ya ndani hubaki ileile, kasi ya kupakia sampuli haibadiliki sana, na kila taswira ina nafasi ya diski moja, 720 KB au 1.44 MB. Kinachobadilika ni kwamba flashi ya GB 1 inaweza kubeba taswira zaidi ya 600, na kwamba hakuna tena mota wala kichwa cha kuchakaa. Kwa wale wanaotumia faili za MIDI, zinazobeba maagizo ya noti badala ya sauti yenyewe, kazi huwa nyepesi zaidi: taswira ya MS-DOS hufunguliwa kwenye kompyuta kwa programu maalumu na faili zikaingizwa humo, mradi jina la kila faili lisizidi herufi 8 kabla ya nukta. Ikiwa kinanda chako husoma MIDI ya aina ya 0 pekee (ambamo sehemu zote za wimbo zimeunganishwa pamoja), faili za aina ya 1 (ambamo zimetenganishwa) zitahitaji kugeuzwa, nasi tunaweza kukugeuzia.

Kwa vyombo kama EPS au Roland W-30, ambavyo haviwezi hata kuamka bila kupakia programu yake kutoka kwenye diski, tunaiweka taswira ya programu hiyo iwe ya kwanza, na kukipanga kiigaji kiianze kila umeme unapowashwa. Umeme ukikatika katikati ya arusi na ukarudi, mpiga kinanda hatalazimika kutafuta chochote gizani.

Kinanda kikiwa kimefunguliwa, tunapendekeza betri ya kumbukumbu ibadilishwe papo hapo. Katika vinanda vingi ni CR2032 ndogo, lakini ikiisha, sauti zote ulizozihifadhi ndani ya kinanda hupotea, na kuitoa bila maandalizi huzipoteza vilevile. Kwa hiyo tunafunga kiigaji kwanza, tunahifadhi sauti hizo katika taswira mpya, na ndipo tunagusa betri. Kabla ya kukikabidhi kinanda tunaijaribu kila hatua: kufomati, kuhifadhi, kuzima, kuwasha na kupakia tena. Hatukati wala kutoboa bodi ya kinanda, na draivu ya zamani tunamrudishia mwenye kinanda pamoja na skurubu zake, ili anayetaka kukirudisha kinanda katika hali ya asili aweze.

Matumizi ya kila siku hayana ugumu. Usiichomoe flashi wala kuzima kinanda wakati taa ya kiigaji inawaka, kwa sababu taswira inayoandikwa wakati huo inaweza kuharibika. Tunakukabidhi flashi mbili zenye vitu vilevile. Moja itumie, nyingine iweke mbali na kinanda, ndani ya kopo lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, na nakala ya tatu uihifadhi kwenye kompyuta.

Unapotuletea kinanda, njoo na waya wake wa umeme na utueleze kimenunuliwa wapi, kwani vilivyouzwa Japani huhitaji volti 100 na vitaungua vikichomekwa moja kwa moja kwenye volti 240 za hapa kwetu. Njoo pia na diski zote ulizonazo, katika makasha yake, bila kuzifuta vumbi wala kuzianika juani, na uandike kwenye karatasi zipi unazihitaji kuliko nyingine, ili tuanze na hizo wakati kichwa cha draivu yetu bado ni safi kabisa.