Kiburi cha daktari wa upasuaji humhusu mgonjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo sisi tuliofanya kazi katika vyumba vya upasuaji tunalijua vizuri, lakini mara nyingi tunalinyamazia kwa kumwonea haya mkubwa. Husemwa kwamba kiburi cha daktari ni tabia yake binafsi na hakimdhuru mgonjwa, maadamu mkono wake ni hodari. Sikubaliani kabisa na maneno hayo, na shahidi wangu ni daktari wa Marekani aliyeitwa Doctor Willard Bliss, ambaye hilo jina la Doctor alipewa na wazazi wake, kabla hata hajasomea udaktari.

Bliss alijijengea heshima vitani. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya mwaka 1861 na 1865, alianza akiwa daktari wa kikosi cha Michigan, kisha akakabidhiwa Hospitali ya Armory Square mjini Washington, iliyopokea majeruhi mahututi kutoka mapigano ya Virginia. Ilikuwa kazi nzito na sitaki kumpunja sifa yake. Hata hivyo, vita humzoesha daktari kuamua haraka na peke yake, bila kuulizwa, na aliyeishi hivyo miaka kadhaa anaweza kurudi uraiani akiamini kwamba kutoulizwa ni haki yake. Huko vitani alizoea pia, kama wenzake wa wakati ule, kutafuta risasi kwa kuingiza kidole kitupu ndani ya jeraha.

Tarehe 2 Julai 1881, Charles Guiteau alimpiga Rais James Garfield risasi ya mgongoni katika stesheni ya reli mjini Washington, na Waziri wa Vita, Robert Lincoln, akaagiza Bliss aitwe. Palepale stesheni, Bliss aliingiza ndani ya jeraha vyuma na kidole ambavyo havikuwa vimesafishwa kwa dawa. Miaka mitano kabla ya hapo, Joseph Lister alikuwa amefika Philadelphia kuwaeleza madaktari wa Marekani kwa nini mikono na vifaa vioshwe kwa dawa ya kuua vijidudu, na wengi wao, si Bliss peke yake, walimpuuza. Kwa hiyo kosa la siku ile nalihesabu kuwa la zama zake zaidi kuliko lake mwenyewe. Ninachomlaumu ni yaliyofuata.

Kwanza alimhodhi mgonjwa. Daktari aliyekuwa akimtibu Garfield siku zote, Jedediah Baxter, alipofika alizuiwa kumwona. Susan Edson, daktari kamili aliyekuwa akiitibu familia hiyo, aliruhusiwa kubaki lakini kwa kazi ya nesi. Bliss alikwisha kuamua kwamba risasi iko upande wa kulia, na kuanzia hapo kila aliyeingia chumbani alitakiwa kuona kile ambacho mkubwa alikuwa ameshakiona.

Kisha akaja Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, na chombo alichokibuni ili kutambua risasi iliyofichika mwilini, kwa mlio unaosikika katika kipokea sauti cha simu. Alijaribu mwishoni mwa Julai, akajaribu tena tarehe 1 Agosti. Mgonjwa alikuwa amelala juu ya godoro lenye springi za chuma, ambazo zilikivuruga chombo, na Bliss aliruhusu upande wa kulia tu upimwe. Hebu wasomaji wapige picha chumba kile: mvumbuzi ameinama juu ya kitanda, kipokea sauti sikioni, chombo kinapitishwa polepole juu ya ngozi ya mtu anayeumwa, na upande wa pili wa mwili, umbali usiozidi urefu wa kiganja, haufikiwi kwa sababu daktari mkuu ameshasema hakuna kitu huko. Baada ya hapo ilitangazwa kwamba jaribio limethibitisha kauli ya daktari.

Garfield alifariki tarehe 19 Septemba, siku 79 baada ya kupigwa risasi, akiwa amekonda kutoka zaidi ya kilo 90 hadi kama kilo 60. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba risasi ilipita katika pingili ya uti wa mgongo bila kugusa ugwe wa neva unaopita ndani ya uti huo, ikatulia upande wa kushoto, nyuma ya kongosho, na mwili ulikuwa umeshaizungushia utando. Ile njia ndefu ya upande wa kulia ambayo madaktari walidhani ni mapito ya risasi ilikuwa mfereji wa usaha. Wataalamu wengi wa leo wanaamini kwamba maambukizi ndiyo yaliyomuua, na kwamba bila vidole vile huenda angepona, kama walivyopona askari wengi walioishi na risasi miilini mwao. Wakati wote huo taarifa za Bliss kwa magazeti ziliendelea kuleta matumaini. Baadaye alidai malipo ya dola 25,000, na alipopewa dola 6,500 alizikataa.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu mgonjwa yule alikuwa rais wa nchi, mwenye kila anayemtaka mlangoni mwake, na bado hakupatikana mtu wa kumwambia Bliss, "Daktari, tupime na upande wa kushoto." Je, mgonjwa wa kawaida aliyelala wodini atasemewa na nani? Katika kazi yangu nimemwona nesi kijana akisema kwa sauti ya chini, "Daktari, kitambaa kimoja hakijarudi," na daktari akaendelea kushona bila kuinua macho. Nesi alirudia mara ya pili, safari hii akiungwa mkono na mtaalamu wa usingizi, ndipo kitambaa kikatafutwa na kutolewa tumboni. Kama yule wa usingizi angenyamaza, sijui kama binti yule angethubutu mara ya tatu.

Dawa ya jambo hili ipo, na nchi yetu ilishiriki kuijaribu. Shirika la Afya Duniani lilipoandaa orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, ilijaribiwa mwaka 2007 na 2008 katika hospitali nane duniani, na mojawapo ilikuwa Ifakara. Kwa jumla ya hospitali hizo, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha hiyo humtaka kila aliyemo chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake kabla ya kisu kugusa ngozi, athibitishe mgonjwa ni nani na anapasuliwa wapi, na vifaa na vitambaa vihesabiwe kabla mgonjwa hajatoka. Aliyekwisha kutaja jina lake mbele ya daktari bingwa huona wepesi zaidi kumwambia neno la pili.

Lakini nimeona pia orodha hiyo ikijazwa na mtu mmoja, kwa kalamu moja, baada ya mgonjwa kupelekwa wodini, kwa kuwa daktari hapendi kucheleweshwa. Nawaomba waganga wafawidhi wa hospitali zetu waagize isomwe kwa sauti, daktari akiwepo na akijibu, na nesi anayeisimamia apewe mamlaka ya kuzuia upasuaji usianze mpaka imalizike.

Wako,
Muuguzi mstaafu wa chumba cha upasuaji,
Morogoro